Huku Kumenuna: Thakubai Lonkar na Makopo Yake Arobaini na Mawili

Thakubai Lonkar aliingia katika kazi ya kuhifadhi historia kwa kumfuata mwanamume sokoni. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu lilisimuliwa vibaya wakati wake, nami ningependa liandikwe kwa usahihi angalau mara moja.

Siku hiyo alikuwa amenunua dengu za kukaanga kwenye karatasi iliyoviringwa kama pembe. Alipozimaliza aliikunjua karatasi ili aisome, kwa kuwa alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na tangu hapo hakuwahi kuruhusu neno lililoandikwa limpite bila kulisalimu. Ilikuwa nusu ya barua, hati ya kike, wino umefifia: "Basi dada, usimwambie mama kwamba pete nimeimeza, maana mwenyewe bado sina hakika, na ikitokea kesho..." Hapo karatasi ilikuwa imechanwa.

Alirudi mbio kwa muuza dengu. Nusu ya pili ilikuwa imekwisha kuondoka mkononi mwa karani mmoja wa ardhi, mtu mnene na mla taratibu. Thakubai akamfuata kutoka sokoni hadi darajani, na kutoka darajani hadi kwenye ngazi za hekalu, akisimama kila aliposimama. Mwishowe karani akageuka.

"Wewe bibi, una shida gani na mimi?"

"Sina shida na wewe, kaka. Nangoja umalize dengu."

"Una njaa? Haya, chukua!"

"Kula tu. Kula polepole, usije ukapaliwa. Mimi nataka karatasi."

Jioni ile mji mzima ulikuwa na habari kwamba mjane wa Lonkar anamkimbiza karani. Thakubai hakujali, kwa kuwa alikuwa na nusu ya pili, na pete ilikuwa imetokea salama. Alizilaza nusu zote mbili ndani ya kopo la biskuti, akatia majani makavu ya mwarobaini na punje mbili za karafuu kufukuza wadudu, akafunga kifuniko. Hilo ndilo lilikuwa kopo la kwanza.

Muuza dengu alipata karatasi zake kwa Bashir Mulani, mnunuzi wa karatasi kuukuu nyuma ya kituo cha mabasi. Kwa hiyo wiki iliyofuata Thakubai alikwenda huko kuomba kazi.

"Unajua kuchambua karatasi, Mavshi?" Bashir aliuliza. Mavshi ni mama mdogo, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine.

"Najua kusoma."

"Msomaji simtaki. Nataka mchambuzi. Magazeti huku, madaftari kule, maboksi pale."

"Basi nitachambua huku nikisoma. Macho ni yangu, hutayalisha wewe."

Alifanya kazi pale miaka ishirini na mbili. Watu walipobomoa nyumba za zamani, au walipogawana vitu vya marehemu, wanaume walibakiza hati za mashamba na kupeleka kilichobaki kwa Bashir kwenye magunia. Ndani ya magunia hayo ndimo walimokuwa wanawake. Kulikuwa na barua, na nyimbo za kwenye jiwe la kusagia nafaka, walizoziandika wanawake waliojua kuandika. Kulikuwa na daftari la mkunga lenye watoto mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja akielezwa kwa sauti ya kilio chake. Kulikuwa pia na orodha ya watu ambao mama mkwe mmoja hakuwa tayari kuwasamehe. Wote walipewa namba, na namba ya saba ilikatwa na kurudishwa mara tatu. Bashir alimruhusu kuchukua alichotaka, kwa sharti kwamba alete gazeti la uzito uleule. Kwa hiyo Thakubai alizunguka mitaani akiomba magazeti, na watu wakamdhania msomaji mkubwa wa siasa.

Makopo yalipofika ishirini nyumba yake ya chumba kimoja ilijaa. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu na nilikuwa katibu wa kamati ya maktaba ya mji wetu. Nilipendekeza apewe chumba cha nyuma, ambacho wakati huo kilihifadhi viti vilivyovunjika. Kamati ilikubali kwa sababu hakuna aliyetaka kubishana juu ya viti.

Tulianza kwa kufuata utaratibu. Fomu ya maktaba ya kupokea nyaraka ilikuwa na mistari sita, na mstari wa pili ulidai jina la mume wa mletaji. Hapo tulikwama asubuhi ya kwanza kabisa, kwa maana mwanamke wa kwanza kuja, aliyeleta nyimbo za mama yake, alikuwa wa kizazi ambacho mke hatamki jina la mumewe.

"Jina la bwana?" niliuliza.

Akainamisha kichwa. "Mwalimu, si unalijua."

"Silijui, mama."

"Mwanzo wake hutiwa kwenye chai."

"Tangawizi?" akauliza Thakubai, aliyelijua jina hilo vizuri sana.

"Dada wewe! Kitamu!"

"Maziwa?"

"Sukari, jamani, sukari! Kisha mwisho wake ni yule mungu mwenye upinde!"

"Aaa, Sakharam," akasema Thakubai, kwa maana kwetu sukari ni sakhar, na mungu mwenye upinde ni Ram. "Ungesema mapema. Mwalimu alikwisha kuandika Tangawizi."

Mwanamke alicheka hadi akaketi chini. Lakini baada ya wanawake tisa wa namna hiyo niliona kwamba hatutafika mbali. Thakubai akachukua kalamu na rula, akaufuta mstari wa pili kwenye fomu zote mia mbili, na juu yake akaandika: *Jina alilozaliwa nalo.* Katika nyumba nyingi za mji wetu bibi arusi hubadilishwa jina. Bwana arusi huandika jina jipya kwa pete juu ya sinia la mchele, na la zamani huachwa mlangoni pamoja na viatu. "Sisi tutamweka mtu kwa jina alilokuja nalo duniani," alisema Thakubai. "Hilo la mchele wakalitafute kwenye mchele." Ikawa ndiyo kanuni ya katalogi yetu, nami naikiri kuwa kanuni nzuri, ijapokuwa ilituletea mambo ninayokwenda kuyaeleza.

Makopo yalifika arobaini na mawili. Mwaka huohuo mji ulipata mwenyekiti mpya wa maktaba, Vishvanath Patankar.

Patankar Saheb alikuwa mhandisi wa mabwawa aliyestaafu. Alizaliwa Delhi, akalelewa Delhi, kisha akaishi popote palipokuwa na maji ya kuzuia. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amerudi kwenye nyumba ya babu yake, akiwa na miaka sitini na saba, akaikuta imejaa vumbi. Aliisafisha kwa siku nne kwa bidii ya mtu anayefungua mfereji. Alikuwa mwadilifu, mkavu, na mwenye haraka. Babu yake, marehemu Wakili Patankar, alikuwa mfadhili wa kwanza wa maktaba, na picha yake ya rangi ilitundikwa ukumbini juu ya kiti cha mwenyekiti. Katika picha hiyo amevaa shali, mkono mmoja ukiwa juu ya kitabu kinene, na chini yake yapo maneno: *Mtetezi wa Elimu ya Wanawake.*

Mwenyekiti mpya alikagua vyumba vyote kwa kipimo cha utepe. Alipofika chumba cha nyuma alimkuta Thakubai akibadilisha majani ya mwarobaini.

"Thakubai, haya makopo ni ya nini?"

"Ni ya wanawake, Saheb."

"Biskuti?"

"Biskuti zilikwisha zamani. Sasa ni wanawake."

Hakutabasamu. Alieleza kwamba maktaba inakaribia miaka mia moja, na kwamba chumba kile kinafaa kuwa Chumba cha Wafadhili, chenye picha kumi na nne za waheshimiwa. Jambo hilo litaamuliwa katika mkutano mkuu wa mwaka, wiki ya sikukuu ya Sankranti. Makopo yarudishwe yalikotoka.

"Yalikotoka ni kwa Bashir," akasema Thakubai. "Na gari la kiwandani huja kwa Bashir kila Alhamisi. Likichukua Alhamisi, Ijumaa ni uji wa karatasi."

"Nasikitika. Lakini nimetazama katalogi yako. Ni majina ya watu wasiojulikana. Nilimtafuta bibi yangu mzaa baba, Annapurnabai Patankar, mke wa mfadhili mkuu. Hayumo! Kama mwanamke kama yule hayumo, hii ni historia gani?"

Alikwenda zake. Thakubai aliutazama mgongo wake, kisha akanitazama mimi. Mdomo wake ulikuwa umetulia, lakini macho yalikuwa yameanza kazi.

"Mwalimu," akasema, "kopo la kumi na saba."

Kopo la kumi na saba lilikuwa na madaftari kumi na moja ya mwandishi mmoja, Chimi Gokhale. Yalikuja kwa Bashir ndani ya gunia moja na magazeti ya Kiingereza, mwaka uleule Patankar Saheb aliposafisha ghala lake. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza ulisema: "Leo wameniandika jina jipya kwenye mchele, Annapurna, mungu wa chakula. Baada ya sherehe shomoro wakaula mchele wote. Kwa hiyo nadhani Annapurna ni wao, na mimi bado ni Chimi."

Hiyo ndiyo siri moja. Ya pili ilikuwa neno. Bibi zetu, waliokatazwa kutamka jina la mume, hawakumwita hata "yeye". Walisema "huku". Huku kumekula. Huku kumetoka. Mtu mzima, mwenye masharubu na kilemba, aligeuzwa kuwa mahali. Wanawake wa mji wetu waliovuka miaka hamsini walilisikia neno hilo utotoni kila siku. Mtoto wa Delhi, aliyelelewa na watumishi na shule ya bweni, hakulisikia kamwe.

"Thakubai," nilisema, "haitakuwa vizuri kumwaibisha."

"Nani kasema kumwaibisha? Mimi nataka asome tu. Mtu akisoma nyaraka za bibi yake, aibu iko wapi?"

Nilikwenda kusoma katiba ya maktaba, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya tangu ipigwe chapa, na nikakuta kwamba ibara ya tisa inampa uanachama kamili kila aliyeipatia maktaba kitabu *au maandishi yoyote*. Wanawake waliotuletea karatasi walikuwa sitini na mmoja. Niliandika barua sitini na moja za mwaliko kwa hati safi. Hayo yote yalikuwa kwa mujibu wa katiba.

Mkutano mkuu ulifanyika mchana wa Jumapili. Mwenyekiti alikuwa ametayarisha viti ishirini na vitano. Walikuja watu themanini na wanne, wengi wao wakiwa na vibweta vya chuma vilivyojaa vitamu vya ufuta na sukari guru. Wanawake wakajaza ukumbi, wakajaza mikeka, wakajaza madirisha. Patankar Saheb aliangalia umati kama mtu aonaye maji yamepita alama.

Ajenda ya nne ikafika. Alieleza juu ya Chumba cha Wafadhili kwa ufasaha na bila matusi, kisha akauliza kama kuna neno. Thakubai akasimama, sari yake ya pamba ikiwa imepigwa pasi kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yangu.

"Saheb, mimi si msemaji. Naomba kitu kimoja. Chukua daftari lolote kutoka kwenye makopo haya matatu, utusomee ukurasa. Wanachama wasipotaka kusikia ukurasa wa pili, nitayabeba makopo mwenyewe hadi kwa Bashir."

"Ni haki," akasema mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

Makopo hayo matatu niliyabeba mimi hadi ukumbini. Niliona kopo la kumi na saba likiwekwa juu. Katika kumbukumbu za mkutano jambo hilo halikuandikwa.

Akafungua, akachukua daftari la juu, akalifungua katikati.

"Saheb, anza ukurasa wa kwanza," akasema Thakubai, na naomba ikumbukwe kwamba alisema.

"Tuna ajenda tisa, Thakubai. Sina muda wa ukurasa wa kwanza." Akavaa miwani. "'Jumatatu. Huku kumenguruma tangu alfajiri. Hakuna hata tone.'"

Kicheko kidogo kikatoka nyuma, kikazibwa.

"'Jumanne. Huku kulifunga asubuhi, mchana kukafunguka kidogo, jioni kukafunga tena.'" Akatazama umati juu ya miwani. "Naam. Hii ni kumbukumbu ya hali ya hewa. Nimefanya kazi na kumbukumbu za mvua miaka thelathini na sita. Mwandishi ni mwangalifu, nakubali. Lakini hakuna vipimo, wala hakutaja kituo. Anasema huku. Huku wapi?"

"Huku huku, Saheb!" ikajibu sauti ya dirishani, na safu mbili nzima za wanawake zikajifunika midomo kwa ncha za sari.

"Utulivu, tafadhali. 'Jumatano. Huku kumenuna kwa sababu ya achari ya ndimu.'" Akasita. "Achari?"

"Ndimu huharibu hewa sana, Saheb," akasema mke wa Sakharam kwa unyenyekevu.

"'Alhamisi. Huku kumerudisha chai mara mbili. Ya tatu, ambayo ilikuwa ile ile ya kwanza, kumeisifu. Usiku huku kumekoroma hadi paka akahama.'"

Aliinua kichwa taratibu. Mahali panaponuna mhandisi anaweza kupavumilia. Mahali panapokoroma hapana. Wakati huo ukumbi ulikuwa umevunjika kabisa. Wanawake wazima walikuwa wameegemeana, na Bashir Mulani, aliyesimama mlangoni, alikuwa akifuta macho kwa kofia yake.

Ndipo aliponyanyuka Akka Sabnis. Sote tulimwita Akka, dada mkubwa, ijapokuwa miaka yake ilikuwa themanini na minne.

"Mwanangu, ngoja nikusaidie kabla mtu hajafa hapa. Hilo si eneo. Hilo ni mume."

"Mume?"

"Mume wa mwandishi. Ndivyo tulivyowaita. Bibi yako hakukwambia?"

"Bibi yangu alifariki kabla sijazaliwa," akajibu Patankar Saheb, na wale waliojua wakatazama mikeka.

Alitafakari kidogo, akarudia ukurasa kimoyomoyo kutoka Jumatatu. Kisha, kwa mshangao wa kamati nzima, akacheka. Ilikuwa sauti ngeni, kama lango la bwawa lililofungwa miaka mingi.

"Maskini wa Mungu! Alinguruma bila tone! Na mke ameandika kila kitu!" Akaketi vizuri, akasogeza taa. "Nitaendelea. 'Jumamosi. Huku kumetoa hotuba uwanjani juu ya uhuru wa mwanamke. Nasikia makofi yalifika mtoni. Kuliporudi kukaniuliza nani ameniruhusu kufungua dirisha la barabarani. Nikajibu kwamba nilikuwa nasikiliza hotuba.'"

Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti naye akapiga meza.

"'Jumapili. Huku kumekaa kwa mchoraji, siku ya nne sasa. Shali ni ya kuazima kwa Deshpande, ile yenye ukingo wa kijani cha kasuku. Mkono umewekwa juu ya kitabu cha sheria, ambacho kwa kweli ni kitabu changu cha mapishi, kwa maana kile cha sheria mchoraji alikiona kidogo mno kwa picha.'"

Hakuna aliyecheka. Macho ya watu themanini na watatu yaliinuka kwa pamoja hadi ukutani, juu ya kiti cha mwenyekiti. Patankar Saheb aliona macho yakipita juu ya kichwa chake. Akageuka. Pale palikuwa na shali yenye ukingo wa kijani cha kasuku. Pale palikuwa na mkono, na chini ya mkono kitabu kinene kisicho na jina.

Alikitazama kitabu hicho kwa muda mrefu. Kisha akalirudisha daftari mwanzo, akausoma ukurasa wa kwanza kwa midomo tu, bila sauti, hadi kwenye shomoro.

"Chimi," akasema. "Sikujua kwamba aliitwa Chimi."

Nilijuta. Nasema wazi, nilijuta kwa kadiri ya dakika moja nzima. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kiofisi.

"Hii ni mali ya familia yangu. Imefikaje hapa?"

"Ilikuja dukani pamoja na magazeti ya Kiingereza, Saheb," akasema Bashir kutoka mlangoni. "Kutoka ghalani kwako. Ulisema tupime haraka, una kazi."

"Niliiuza kwa kilo?"

"Kwa kilo, Saheb."

Thakubai alikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kuyasema wakati ule, nami nilimwona akiyapima moja baada ya jingine kama apimavyo karatasi. Hakuyasema. Alikwenda mbele na kibweta chake, akampa kitamu cha ufuta, akasema kama sote tusemavyo wiki ile: pokea ufuta na sukari guru, useme maneno matamu.

Patankar Saheb alikitafuna kwa adabu. Kisha akanigeukia. "Katibu, ajenda ya nne iahirishwe."

"Sababu, Saheb?"

"Andika: mwenyekiti hajamaliza kusoma."

Asubuhi yake alifika chumba cha nyuma kabla ya kufunguliwa. Aliomba madaftari yote kumi na moja akayasome nyumbani.

"Haiwezekani," akasema Thakubai. "Nyumbani kwako ndiko yalikotoka."

"Nitayatunza!"

"Sina shaka. Lakini kanuni ni kanuni. Daftari moja kwa wakati mmoja, hapahapa, na mikono ioshwe. Sabuni iko pale."

Akaosha mikono. Mtu aliyezuia mito mitatu alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akasoma kwa lenzi, mstari kwa mstari, kwa kuwa hati ya bibi yake ilizidi kuwa ndogo kadiri wino ulivyoadimika nyumbani. Kila alipomaliza daftari, Thakubai alikuwa na sababu nzuri ya kutompa linalofuata hadi wiki nyingine. Mara majani ya mwarobaini hayajakauka. Mara yeye mwenyewe yuko kwa Bashir na ufunguo uko naye. Mjumbe mmoja wa kamati alipouliza mwezi wa tatu ajenda ya nne itarudi lini, mwenyekiti alimjibu kwamba yuko daftari la tano, na kwamba jambo la kitaalamu halifanywi kwa haraka.

Siku moja nilipokuwapo, aliweka lenzi mezani.

"Thakubai, ulijua."

"Nilijua."

"Ungeweza kuniambia faraghani."

"Ningeweza. Nawe ungesema nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Ningesema ni makopo."

"Ee."

"Umenifanya kichekesho mbele ya mji."

"Si wewe uliyechekwa, Saheb. Babu yako. Na yeye alichekwa na mkewe kwanza, sisi tumechelewa zaidi ya miaka sabini." Akamsogezea daftari. "Soma hapo nilipotia uzi."

Alisoma kwa sauti, polepole: "'Siku ya sita ya homa. Huku kwenyewe kumeniletea maji kwa mkono wake, kumemwaga nusu njiani, na kusimama mlangoni kama mgeni asiyejua pa kuvulia viatu. Kumeniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Kukasema, basi kwa nini hunung'uniki? Nyumba imekuwa kimya mno.'" Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi, na Thakubai akageuka kushughulika na kopo ambalo halikuwa na shida yoyote.

Mwezi wa nane mwenyekiti mwenyewe alileta hoja, na ilipita bila kupingwa: chumba cha nyuma ni cha makopo, kwa kudumu, pamoja na kabati mbili za chuma na mlango unaofungika. Picha za waheshimiwa kumi na nne ziko kwenye ngazi sasa, kuelekea maegesho ya baiskeli, ambako nadhani zinaonwa na watu wengi kuliko zamani. Ya babu yake aliibadilishia maneno ya chini, kwa msimamo wake wa kihandisi kwamba maelezo yaafikiane na kitu kilichopo: *Wakili Patankar, mfadhili; kitabu cha mapishi ni cha Chimi Gokhale.*

Thakubai aliyasoma maneno hayo siku yalipobandikwa, akaridhika, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Na chenyewe kiko wapi?"

"Nini?"

"Kitabu cha mapishi. Kwenye gunia hakikuwamo. Basi kimo ndani ya nyumba yako."

Tangu hapo Patankar Saheb anakitafuta. Amefungua masanduku ya darini, ameinua mbao za sakafu, amewaandikia barua shangazi zake watatu wa mji wa Sangli ambao hakuwa amewaandikia tangu Delhi. Wawili wamejibu kwa kumtumia, badala ya kitabu, barua zao wenyewe, na sasa tuna makopo arobaini na manne. Juma lililopita aliingia akihema, mikono miwili ikiwa imeshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Thakubai alimtuma kwanza kwenye sabuni. Kisha tukafungua kitambaa, sote watatu. Kilikuwa kitabu cha sheria.

"Ni kidogo kweli," akasema Thakubai.